Shahada ni kitu kimoja, muhuri ni kingine: maswali tunayoulizwa sana kuhusu usajili wa wasanifu majengo, Arusha na Moshi

Ofisi yetu iko Arusha, juu ya duka la nondo na saruji, na ngazi zake hupandwa na watu wa aina mbili. Kuna vijana waliomaliza chuo, bahasha ya vyeti kwapani. Na kuna wenye viwanja, kutoka Moshono, Usa River, hata Moshi na Himo, wameshika ramani zilizorudishwa na halmashauri. Wote huuliza jambo lilelile, kila mmoja kwa upande wake: inakuwaje mtu asome usanifu majengo miaka mitano halafu aambiwe hawezi kuidhinisha ramani? Tumechoka kujibu kwa mdomo, tukaona tuandike.

Msanifu majengo, mbunifu majengo, akitekti, mchora ramani. Ni mtu yule yule?

Watatu wa kwanza ndiyo. Mtaani tunasema msanifu au akitekti. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ile inayojulikana kwa herufi AQRB, inatumia "mbunifu majengo" kwenye jina lake. Mchora ramani ni mwingine. Anaweza kuwa na kompyuta nzuri, mkono mwepesi na picha za kuvutia za nyumba yenye taa za bustanini, lakini uchoraji pekee haumpi mtu haki ya kuitwa msanifu.

Nimehitimu shahada ya usanifu majengo. Je, mimi ni msanifu majengo?

Kwa elimu, ndiyo, na hongera. Kwa sheria, bado. Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya ile Na. 16 ya mwaka 1997, inamtambua msanifu kwa kuwa kwenye daftari la Bodi. Unaanza kwa kusajiliwa kama mhitimu, unafanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, unakaguliwa na kutahiniwa, ndipo jina lako linahamia kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya kazi kwa majina yao wenyewe. Kabla ya hapo unaweza kuchora, kupima, kuhudhuria vikao vya saiti na kubishana na fundi. Kusaini kama mwenye dhamana, hapana.

Mbona chuo kisitoe vyote viwili kwa mpigo mmoja?

Hili ndilo swali lenyewe, na wanaouliza kwa hasira kidogo wana haki yao. Miaka mitano Chuo Kikuu Ardhi si mchezo. Kuna usiku wa kukata maboksi ya modeli mpaka adhana ya alfajiri, halafu unafika mtaani unaambiwa "bado".

Nijibu kwa kisa. Tulipokea kijana aliyefaulu vizuri mno. Mchoro wake ukiutazama unatamani kuhamia. Tukampeleka saiti ya ghorofa moja, Sakina. Fundi mkuu akamwambia: "Injinia," maana saiti kila aliyevaa kofia ngumu ni injinia, "hii nguzo inakula njia ya gari. Tuisogeze hatua moja." Kijana akatazama, akaona kweli gari litabanwa, akasema sawa. Hakuandika popote. Hakumpigia mhandisi. Hakumwambia mwenye nyumba. Tulipokuja kushtuka nguzo imeshamwagwa zege, bimu ya juu yake imerefuka kupita ile aliyoipigia hesabu mhandisi, na nondo zilizomo ni za bimu fupi. Tukabomoa. Nani alipe? Mwenye nyumba hakuagiza. Mkandarasi anasema aliruhusiwa na mtu wa ofisi yetu, na kweli aliruhusiwa. Tulilipa sisi.

Yule kijana alikuwa amesoma mihimili na kufaulu. Asichokijua ni kwamba neno lake saitini ni amri, na amri ina bei. Darasani ukikosea nguzo unapunguziwa alama, unarekebisha, maisha yanaendelea. Chuo kinapima kama unaelewa. Leseni, yaani huo usajili wa Bodi, inapima kitu kingine kabisa: kama mtu asiyekujua anaweza kukukabidhi fedha zake na usalama wa watoto wake, na kama mambo yakiharibika kuna mahali pa kukushika.

Hapo kwenye kukushika ndipo pana tofauti ambayo watu wengi hawaioni. Chuo kinaweza kukufutia shahada kama uliipata kwa udanganyifu, lakini hakitakufutia kwa sababu nyumba uliyoichora Njiro imepasuka. Shahada ni kumbukumbu ya jambo lililokwisha. Leseni ni ahadi inayoendelea: inalipiwa ada kila mwaka, inadai ujiendeleze kitaaluma, inaweza kusimamishwa, inaweza kufutwa. Ukizifunga pamoja, unapata leseni isiyoweza kufutwa, au shahada inayotegemea tabia yako ya uzeeni. Yote mawili ni kichekesho.

Halafu kuna suala la hakimu. Chuo kinalipwa ada na kinajisifu kwa idadi ya wahitimu wake. Hakuna ubaya, ndiyo kazi yake. Lakini mwenye duka hapaswi kuwa ndiye pia mkaguzi wa mizani.

Mbona ni sisi tu tunaosumbuliwa? Fani nyingine hazina haya mambo.

Zinayo. Mwenye shahada ya sheria si wakili mpaka apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha akubaliwe. Mwenye shahada ya uhasibu anajua vizuri maana ya kukesha kwa ajili ya CPA, mtihani wa kitaaluma wa wahasibu. Na kwa wasomaji wa Moshi: wale madaktari vijana mnaowaona KCMC wakikimbia korido na macho mekundu wameshahitimu udaktari. Wanamaliza mazoezi ya kazi kabla ya usajili kamili. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba wangeruhusiwa kufanya upasuaji siku ya mahafali.

Na nchi nyingine?

Kila nchi na mila yake, na ni vizuri kuzijua, maana kuna anayekuja na mfano wa nchi moja akadhani ndio ulimwengu.

Marekani jimbo la kwanza kudai leseni lilikuwa Illinois, mwaka 1897. Mpaka leo leseni hutolewa na jimbo, baada ya saa za kazi zilizoandikwa na mtihani wa sehemu kadhaa, na yapo majimbo yanayomkubali mtu asiye na shahada ya usanifu endapo ana miaka mingi ya kazi. Uingereza sheria za 1931 na 1938 zililinda jina, si kazi: mtu yeyote anaweza kukuchorea nyumba, ila akijiita msanifu bila kuwa kwenye daftari ana kesi. Kenya wana sheria yao tangu 1934, enzi za mkoloni.

Ufaransa ndio mfano ninaoupenda. Zamani diploma ya msanifu ilikuja na haki ya kusaini. Mageuzi ya mwaka 2005 yakazitenganisha: sasa unapata diploma ya serikali, na anayetaka kusaini kwa jina lake anafuata hatua nyingine yenye kipindi cha kazi ofisini. Wapo wanaobaki na diploma tu, wakafanya utafiti, makumbusho, mipango miji, na hakuna anayewaona wameshindwa. Hispania, kinyume chake, kwa miaka mingi aliyehitimu alijiunga na chama cha lazima cha taaluma akaanza kusaini bila mtihani mwingine. Na Denmark sheria hailindi hata jina lenyewe. Majengo yao hayaanguki, lakini wana ukaguzi, bima na mazoea ambayo sisi hatunayo. Usinunue kofia ya mtu bila kichwa chake.

Umoja wa kimataifa wa wasanifu, UIA, unapendekeza kima cha chini: miaka mitano ya masomo na angalau miaka miwili ya kazi. Hivyo vitu viwili umevihesabu kimoja kimoja.

Tadao Ando wa Japani hakusoma chuo cha usanifu na akachukua Pritzker, moja ya tuzo kubwa za usanifu majengo duniani. Mnasemaje?

Tunasema huyo ni ushahidi wetu. Ando, bondia wa zamani wa Osaka, alijisomea mwenyewe, na mwaka 1995 akapewa tuzo hiyo. Hilo linawezekana Japani kwa sababu sheria yao ya mwaka 1950 inatenganisha leseni na shule: ipo njia ya kupanda madaraja ya leseni kwa miaka ya kazi na mitihani.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Francis Kéré wa Burkina Faso. Shule ya msingi ya kijijini kwao Gando ilikamilika mwaka 2001, wakati yeye bado mwanafunzi Berlin, alihitimu 2004. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker. Ila soma kisa chote: alijenga kwao, na watu waliomjua tangu utotoni, akiwa mwenyewe ndiye aliyechangisha fedha. Mteja wako wa Kijenge hakujui tangu utotoni.

Mhadhiri wangu ana shahada ya uzamivu. Naye anahitaji kusajiliwa?

Kufundisha nadharia, hapana. Kuweka muhuri kwenye ramani, ndiyo, kama mtu mwingine yeyote. Cheo cha daktari au profesa hakigeuki muhuri.

Nina stashahada ya ufundi kutoka chuo cha hapa Arusha na nachora kuliko wenye digrii. Mbona mlango umefungwa?

Kaka, nakuamini. Nimewaona mafundi sanifu wanaojua kenchi, mifereji ya maji na kona za ngazi kuliko mimi. Na hapa nitatoa maoni yangu, si ya Bodi.

Tanzania shahada na leseni zimetenganishwa, lakini zimefungwa kamba: huwezi kufika kwenye mtihani wa usajili kamili wa msanifu bila kwanza kuwa na sifa ya elimu inayotambuliwa. Naona hilo ni nusu ya kazi. Kama kweli leseni inapima uwezo wa kubeba dhamana, basi mtu mwenye miaka kumi na tano ya kazi iliyoandikwa na kukaguliwa angepewa nafasi ya kukaa kwenye kiti cha mtahiniwa. Akishindwa, ameshindwa kwa haki. Wenzangu wengi hawakubaliani nami, na hoja yao si ya kijinga: nani atakagua hiyo miaka kumi na tano, katika nchi ambayo barua ya utambulisho wa kazi inaandikwa kwa simu moja ya shemeji?

Kwa sasa ushauri ni wa kawaida: endelea na masomo ukiweza, na ukiwa hujaweza, fanya kazi ndani ya kampuni iliyosajiliwa, jina lako likionekana kwenye michoro kama mchoraji. Mtu asikudanganye kwamba kuna njia ya pembeni.

Njia ya pembeni ndiyo ile ya kuazima muhuri?

Ndiyo hiyo. Mchora ramani anamaliza kazi, anampelekea msanifu aliyesajiliwa, anamlipa kidogo, muhuri unagongwa. Msanifu hajaiona saiti, hajui kiwanja kina mteremko, hajui mto uko wapi.

Nimewahi kuletewa nyumba ya namna hiyo baada ya mambo kuharibika. Mama mmoja mstaafu, kiwanja chini kidogo ya barabara, udongo mweusi ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Ramani ilikuwa na muhuri halali. Msingi uliochorwa ulikuwa wa udongo mwekundu wa mlimani. Alipompigia simu mwenye muhuri, jibu lilikuwa: "Mama, mimi sikuijua hiyo kazi, niligonga tu." Yaani alijitetea kwa kukiri kosa.

Wanaouza muhuri wanajiona wanasaidia vijana. Ukweli ni kwamba wanairudisha leseni kuwa kama shahada: karatasi inayothibitisha kwamba zamani ulikuwa mtu fulani. Kama muhuri unaweza kusafiri kwenye bahasha bila mwenyewe, hatujatenganisha chochote.

Mimi ni mwenye kiwanja tu. Hayo yote yananihusu nini?

Yanakuhusu siku ya kibali cha ujenzi na siku ya ufa.

Halmashauri itataka michoro iliyoidhinishwa na watu wanaotambulika. Kama uliyemlipa ana digrii bila usajili, utalipa mara mbili: yeye, halafu anayeanza upya. Tumepokea wateja wa hivyo wengi, na wengine wanatuomba "tugonge tu". Soma jibu lililopita.

Kuhusu ufa: sisi tunakaa karibu na Bonde la Ufa. Julai 2007 mitetemeko ya upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai ilisikika hadi mjini Arusha, watu wakatoka nje na mashuka. Na tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Jengo linapoanguka swali la kwanza huwa nani alisaini. Halafu mkandarasi, mhandisi, msanifu na mwenye jengo kila mmoja anatafutwa kwenye daftari lake. Asiye kwenye daftari anatafutwa na polisi peke yao.

Nitamtambuaje aliyesajiliwa?

Muulize jina kamili na namba ya usajili, kisha ulinganishe na orodha ya Bodi. Kampuni nayo husajiliwa, mbali na mtu. Mwenye usajili halali hakasiriki akiulizwa. Akikasirika, bei yake nafuu imeshaanza kueleweka. Dai mkataba wa maandishi kabla ya kutoa pesa ya kianzio.

Nimesoma usanifu majengo nje ya nchi. Naanzia wapi?

Utambuzi wa shahada ni wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Usajili ni wa Bodi. Ni madirisha mawili, na la kwanza halifungui la pili. Watu hulia wakigundua hilo baada ya kupata barua ya TCU. Usijione mpweke. Anthony Almeida alisoma Bombay, Beda Amuli, aliyechora soko la Kariakoo, alisoma Haifa. Wakati wao hapakuwa na shule ya usanifu nchini.

Tunaishi mji wa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Leseni yangu ya Tanzania inafanya kazi Nairobi?

Haifanyi kazi yenyewe, lakini inakufungulia mlango. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia katika Ibara ya 11 kutambuana kwa sifa za elimu na za kitaaluma, na inazitaja kama vitu viwili. Mwaka 2011 yakafuata makubaliano ya kutambuana kati ya mamlaka za wasanifu. Kinachotambuliwa humo ni usajili wako. Mhitimu asiyesajiliwa nyumbani hana cha kutambuliwa, hata angekuwa wa kwanza darasani. Bado utajisajili kwa wenyewe na kulipa ada yao. Kutoka hapa Namanga ni karibu. Makaratasi ndiyo safari.

Nimeacha kulipa ada ya mwaka. Bado ni msanifu?

Bado una shahada.

Mtihani wa usajili unauliza nini? Nitachora?

Uwezo wa kuchora ulishathibitishwa. Jiandae na maisha ya ofisi. Soma masharti ya mkataba wa Baraza la Taifa la Ujenzi, toleo la mwaka 2000, mpaka uweze kumweleza bibi yako tofauti ya cheti cha malipo na cheti cha kukamilika. Jua fedha inayoshikiliwa kwa ajili ya kasoro inarudi lini. Jua Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inampa nani mamlaka gani. Jua utafanya nini mkandarasi akikuletea mbuzi wa Krismasi. Hilo la mbuzi si utani.

Huku kaskazini ofisi ni chache. Nitapata wapi miaka ya mazoezi?

Kweli ni chache, na nyingi ni za watu wawili au watatu. Lakini ofisi ndogo ina faida yake: utapelekwa saiti wiki ya kwanza, maana hakuna mwingine wa kwenda. Mwenzio wa ofisi kubwa Dar anaweza kuchora vyoo mwaka mzima. Angalia pia halmashauri na wakandarasi wakubwa, ila hakikisha anayekusimamia mwenyewe amesajiliwa, vinginevyo miezi hiyo haitahesabiwa.

Kitabu chako cha kumbukumbu za kazi kijaze kila Ijumaa. Nimewaona watu wanaojaza miezi kumi na minane kwa usiku mmoja, kalamu moja, mwandiko mmoja, halafu wanashangaa wakiulizwa mvua ilinyesha siku gani ya kumwaga slabu.

Mnapokea wahitimu?

Wawili kwa mara moja, maana meza ni mbili. Njoo Jumatano asubuhi. Usilete picha za kompyuta zenye magari ya kifahari getini. Leta mchoro mmoja wa ngazi uliochora kwa vipimo, na uwe tayari kuuelezea. Kengele imeharibika, gonga mlango.